Bustani Bila Jembe

Mwalimu wa mazingira wa binti yangu ni mgeni huku kwetu, na hilo nalisema mapema mtu asije akadhani namtupia lawama. Katoka mkoa wa mbali, bado kijana, mpole, anavaa raba nyeupe kwenye tope hili la Mbozi. Alifundisha alichosomea. Aliwaambia watoto wa darasa la tano kila mmoja akatengeneze bustani nyumbani kwao bila kulima. Unafyeka majani, unatandaza magazeti ya zamani tabaka nene, unayalowesha, juu yake unamwaga samadi iliyooza, halafu majani makavu. Kilichofunikwa kinakosa mwanga kinakufa, karatasi inaoza, minyoo ndiyo inayolima. Kisha unatoboa vitundu, unapanda mboga zako. Sharti lilikuwa moja tu: jembe lisiguse hapo mahali hata kidogo, na yeye mwalimu angepita nyumba kwa nyumba kukagua.

Binti alirudi siku hiyo mbio, mkoba unampigapiga mgongoni. Sijamwona na furaha namna ile tangu tumzike baba yake. "Mama, tutafanyia pale pa baba," akasema, hata sare hajavua. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Nikaendelea kutoa mawe kwenye ungo, maana hapo alipopataja ndipo roho yangu ilipokuwa imening'inia.

Pale pa baba ni kipande cha ardhi kati ya nyumba yetu na kahawa za shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Si kikubwa. Ukisimama upande huu unaongea na mtu wa upande ule bila kupaza sauti. Lakini bomba la maji liko karibu, na udongo wake mwekundu haumnyimi mtu. Baba mkwe alimpa mume wangu siku aliponioa. Shamba letu kubwa la bondeni lilirudi kwa ukoo mara baada ya msiba, nikaambiwa mjane mwenye mtoto mmoja, tena wa kike, ardhi yote ile ataipeleka wapi. Hicho kipande ndicho walichonibakizia, na walinibakizia kwa sababu siku hiyo nililia mbele ya mchungaji.

Sasa sikiliza mambo ya huku. Kwa watu wa mume wangu ardhi haisemewi kwa mdomo, inasemewa kwa jembe. Mvua za kwanza zikikukuta hujageuza udongo, maana yake umepaacha, na ndugu yeyote mwenye nguvu anaingia analima, hakuna wa kumwuliza. Akishapiga matuta, msimu huo ni wake. Akipanda mkahawa, basi tena, hapo ni pake na pa wajukuu zake, kwa sababu mkahawa haung'olewi. Mimi ni mtu wa Ileje, nimezaliwa mlimani kule Itumba, lakini somo hilo nililishika haraka kuliko wenyeji. Kila mwaka mawingu hayajakusanyika mimi nishalima. Watu walikuwa wanacheka, mjane yule ana wazimu, analima vumbi. Wacheke tu. Nililima vumbi kwa sababu shemeji yangu ana macho, na macho yake yalikuwa yanalala pale pale.

Kwa hiyo nikamwambia binti, "Tufanyie nyuma ya choo."

"Pana kivuli. Mwalimu amesema jua."

"Basi pembeni ya migomba."

"Mama, baba alisema pale patakuwa pangu."

Alisema kweli. Marehemu alimbeba begani akamzungusha pale akamwambia, hapa pako. Nikakubali kijishamba kidogo tu, cha upana wa mkeka, na moyoni nikapanga sehemu yote iliyobaki nitaigeuza kwa jembe wiki hiyo hiyo. Mkeka mmoja wa magazeti ungemdhuru nani?

Shida ikawa magazeti yenyewe. Jamani, magazeti yamekwenda wapi? Zamani mume wangu alikuwa hatoki Vwawa bila gazeti kwapani. Siku hizi kila mtu anasoma kwenye simu, na hayo machache yanayobaki yamepata kazi nyingine tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku. Yanafungia nyama, yanafungia maandazi, yanafungia karanga. Nilimwendea mama wa maandazi pale stendi, nikamwomba anipe japo kidogo kwa ajili ya shule. Alinitazama kama nimemwomba meno yake. "Wewe, hii ndiyo sahani yangu," akasema, na akavuta lile rundo akalikalia. Mwenye bucha naye akaniuliza nikishachukua magazeti yake yeye nyama aifungie kwenye kanzu ya padri? Nikamwambia padri mwenyewe huku hayupo, sisi ni Wamoraviani. Tukacheka, lakini gazeti sikupata.

Nikapanda mpaka jirani na Mbozi Mission, kwa bibi mmoja ninayemfahamu tangu kwenye umoja wa akina mama. Nilijua anayo, maana kuta zake zote za jikoni amezibandika magazeti kwa uji wa unga. Alinikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akapitisha kiganja ukutani taratibu. "Mwanangu, nikikubandulia haya baridi itapita wapi kama si kwenye mifupa yangu?" Nikaona aibu. Nikanywa chai yangu, nikaaga.

Mwisho nikayapata Tunduma. Huwa nashusha parachichi kule kuwauzia wanunuzi wa Zambia, na kuna mama wa Nakonde anayeuza samaki wakavu karibu na nilipokuwa napanga matenga yangu. Chini ya meza yake kulikuwa na rundo la magazeti ya kwao. Nikamwambia nayataka. "Bamayo, haya ya kufungia samaki, si ya kusoma," akanionya, akiniita mama kwa lugha ya kwao. Nikamwambia yanakwenda kusomwa na minyoo. Akacheka mpaka akashika mbavu, akanipa rundo zima kwa parachichi chache, akaongezea na "mukwai," neno lao la heshima. Nilirudi nyumbani nimelipakata kama mtoto.

Binti aliyapokea kwa mikono miwili. Akayachambua, kurasa zinazong'aa akaziweka kando kwa sababu mwalimu amesema wino wake si mzuri, pini akazitoa moja moja kwa kijiti. Tukatandaza mkeka wetu, tukaumwagia maji, tukasema kesho samadi. Kulipokucha hapakuwa na kitu. Mbwa wa kijiji kizima walikuwa wamepata harufu ya samaki. Walirarua, walikojolea, walichana mpaka vipande vingine vikaning'inia kwenye kahawa za shemeji. Mtoto akakaa chini kwenye majani, akalia kilio cha mtu mzima, kile kisicho na sauti. Mimi nilitaka kucheka na nilitaka kuua mbwa, yote kwa pamoja.

Hapo ndipo shemeji alipotokea, kajifunga koti lake, kijiti cha meno mdomoni. "Mwanangu unalilia magazeti?" akamwuliza. "Si yapo ya baba yako?"

Lazima nieleze. Msiba ulipokwisha, wazee waligawa vitu vya marehemu kama desturi ilivyo, koti kwa huyu, redio kwa yule. Sanduku la bati lililojaa magazeti yake nililiomba mimi. Wakaniambia mwanamke na magazeti wapi na wapi, shemeji akalibeba. Sikuliona tena. Niliamini yameshachomwa zamani, au yameishia kuwashia moto wa pombe. Na sasa mtu huyo huyo anasema yapo, tena anasema kwa sauti ya upole, tena anamshika mtoto kichwani! Nikasema moyoni, kumbe nimemdhania vibaya ndugu wa watu. Kumbe binadamu anabadilika.

Akaleta yote. Hakuleta sanduku, sanduku alibaki nalo, lakini magazeti aliyaleta mwenyewe kwa toroli, mara kadhaa. Binti alipofungua ya juu akakuta mwandiko wa baba yake. Marehemu alikuwa na kasumba ya kujaza mafumbo ya maneno kwa kalamu ya bluu, na alipokosea alijitukana pembeni, "mjinga wewe." Mtoto akasoma kwa sauti, "mjinga wewe," akacheka, machozi bado hayajakauka. Mimi nikaingia ndani kujifanya natafuta ndoo.

"Haya yanatosha kufunika sehemu kubwa," shemeji akasema. "Kwa nini mfanye kijimkeka? Tandazeni kipande chote, mtoto apate alama nzuri."

Nikamwambia, "Shemeji, kwingine nataka nilime, mvua ziko karibu."

"Ulime tena? Si mwalimu kasema jembe lisiguse? Utamharibia mtoto. Na samadi chukueni zizini kwangu, mimi ng'ombe wangu hawaachi kunya." Akacheka. Kisha akaniangalia usoni. "Shemeji, unaogopa nini? Mimi nipo."

Mimi nipo. Maneno hayo ninayo mpaka leo, yananikaa kooni kama mwiba wa perege.

Tulifanya kazi kweli. Binti na mimi, ndoo kichwani, kutoka zizini kwake hadi pale, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Tulifyeka, tukatandaza, tukalowesha. Zile kurasa zenye mwandiko wa baba yake binti hakutaka kuzitia chini kabisa, alizipanga juu ya zingine, wino ukiangalia mbingu, ndipo tukamwaga samadi. "Ili zioze za mwisho," akaniambia. Tuliezeka kwa majani makavu mpaka pale mahali pakawa kama kitanda kilichotandikwa na mtu nadhifu. Magazeti yaliishia zaidi kidogo ya nusu ya kipande. Pembeni tulifyeka tu, tukisema yakipatikana mengine tutamalizia. Jembe langu lilikuwa limetundikwa jikoni, na kila nilipolipita nilisikia mkono unaniwasha. Lakini mtoto alikuwa anaimba. Nani angeweza kushusha jembe mtoto wake anaimba?

Ikaja habari kutoka Itumba kwamba shangazi yangu amefariki. Nikamchukua binti tukaenda kuzika. Shemeji alitusindikiza hadi barabarani, akanipa pole, akasema, "Kaeni mmalize matanga vizuri, msiharakishe. Huku nitaangalia." Mvua za kwanza zilitukuta kule mlimani tukiwa bado tumekaa kwenye mikeka ya msiba, na nakumbuka binti alifurahi. Alisema minyoo yake imeanza kazi.

Tuliporudi tukakuta matuta.

Matuta mazuri, yaliyonyooka, kutoka ukingo wa kahawa zake mpaka chini ya dirisha langu. Vibarua walikuwa wamegeuza kila kitu, magazeti, samadi, majani, vyote vimechanganywa humo ndani, na mahindi yameshafukiwa. Huku na huku kona za karatasi zilikuwa zinachungulia kwenye udongo. Binti aliingia katikati bila kuvua viatu vya safari. Aliokota kipande, akakifuta kwenye sketi, akakitazama, akakiweka mfukoni. Akaokota kingine. Mimi sikuweza hata kumwambia aache. Nilisimama na mzigo wangu kichwani, haki ya Mungu, nilisahau kuutua.

Nikaenda kwa shemeji hivyo hivyo na vumbi la safari. Alikuwa anakunywa chai. "Ah, shemeji, poleni na msiba," akasema. "Pale niliona majani na makaratasi, mvua imeshanyesha, nikajua umepaacha. Nikasema pasilale bure."

"Umeona makaratasi?"

"Makaratasi, ndiyo."

Hakupepesa jicho. Nimeona waongo wengi Tunduma, watu wanaoweza kukuuzia kivuli cha lori, lakini hao angalau hutoka jasho kidogo. Huyu alipuliza chai yake. Nilimwambia maneno ambayo mwanamke hamwambii shemeji yake, sitayarudia hapa kwa sababu ya watoto wa watu. Akamaliza kikombe.

Kikao cha ukoo kikaitwa. Wazee walikaa kwenye viti uani kwake, na mimi kwenye gogo, binti kando yangu kwa sababu alikataa kubaki nyumbani. Niliongea yote, mwalimu, magazeti, samadi, Itumba. Walinisikiliza vizuri, siwezi kuwasingizia. Nilipomaliza mzee aliyeketi katikati akaniuliza swali moja: "Mkwe, msimu huu jembe lako limepita pale?"

"Ndiyo maana nawaeleza, ilikuwa kazi ya shule, jembe halitakiwi..."

"Limepita au halijapita?"

"Halijapita."

Wakatazamana. Kwao ilikuwa imekwisha. Ndipo binti akasimama. Sikumtuma, na kwa desturi mtoto hasemi pale. "Baba mkubwa," akasema, "magazeti si ulituletea wewe mwenyewe? Ulijua ni bustani."

Mzee mmoja akakohoa. Nikasema ndani yangu, haya sasa, leo atajificha wapi. Shemeji akatabasamu kwa mapenzi kabisa, akawaambia wazee, "Mnamsikia? Mdomo wa baba yake mtupu." Wakacheka. Wote walicheka, kicheko kile cha watu waliopata pa kupumulia, na kikao kikaishia humo. Waliamua yeye avune kwanza kwa kuwa ameshatia mbegu, mengine tutaongea mbele ya safari. Baadaye nilikwenda mpaka baraza la kata. Wakaniambia nilete mashahidi kutoka ukoo wa mume wangu. Sijui walitaka nicheke au nilie.

Mwalimu alikuja kukagua kama alivyoahidi, na raba zake nyeupe. Binti akampeleka pale. Yule kijana alitazama matuta, akatazama karatasi yake ya ukaguzi, akatazama tena matuta, akasema kwa huruma kabisa, "Lakini mwanangu, nilisema bila kulima." Binti akamjibu, "Ndiyo, mwalimu." Nilikuwa mlangoni, nilitaka kueleza, lakini ningeanzia wapi? Akaandika anachoandika, akaaga kwa heshima.

Mahindi yale yalistawi kuliko ya mtu yeyote. Sehemu tulipotandaza yalipanda marefu, meusi kwa ubichi, na ukingoni tulipofyeka tu yalikuwa ya kawaida, ungeweza kuona mpaka wa kazi yetu ukiwa barabarani. Wapita njia walimsifu shemeji. Akatuletea mahindi mabichi ya kuchoma, kapu zima, kama zawadi. Nilitaka kuyarusha. Binti aliyapokea, akapiga goti, akasema asante baba mkubwa, na akayapeleka yote kwa nguruwe wa jirani. Nilimwangalia nikaogopa. Mtoto aliyekuwa analia kwa sababu ya mbwa alikuwa hayupo tena, na sikujua amekwenda lini.

Nilingoja mavuno. Nilipanga siku atakayoondoa bua la mwisho mimi nitaingia na jembe, hata kama ni vumbi tupu. Aliondoa mabua, na kesho yake alfajiri vibarua walikuwa wameshafika. Hawakulima. Walikuwa wanachimba mashimo, kwa mistari, kila moja la kuingia ndoo. Ukiwa umekaa Mbozi hata kwa mwaka mmoja huhitaji kuambiwa mashimo yale ni ya nini. Miche ya kahawa ilikuwa imepangwa pembeni kwenye kivuli, ikingoja tu mvua.

Binti alikuwa anakwenda shule. Alisimama ukingoni. Mmoja wa vibarua aliingiza sepetu, ikazama yote, akamwambia mwenzake udongo wa hapa laini ajabu, sijui kwa nini.

"Mimi najua," binti akasema. Wakamtazama. Akaendelea na safari yake.

Jioni hiyo nilikuwa jikoni nikasikia jembe. Sauti ya jembe naijua, nimeishi nayo. Nikatoka. Binti alikuwa amevua sare, ameshusha jembe langu kutoka ukutani, jembe zito la mtu mzima, na alikuwa analima ua wetu. Ua, pale tunapofagia, pale tunapoweka mkeka wageni wakija, udongo umeshikana kama sementi na hapajawahi kulimwa tangu nyumba ijengwe. Alishageuza kuanzia kwenye kichanja cha vyombo na alikuwa anakuja kuelekea mlangoni.

"Unafanya nini, mama yangu?" nikamwuliza.

Hakuinua uso. Akalipiga jembe tena, karibu kabisa na kizingiti, karibu na miguu yangu.

"Sogea kidogo, mama," akasema. "Na hapa wasije wakasema tumepaacha."